John Boyd Dunlop

John Boyd Dunlop (Dreghorn, Uskoti, 5 Februari 1840 – Dublin, Ireland, 23 Oktoba 1921) alikuwa daktari wa mifugo anayekumbukwa kwa tairi la upepo.

Alisomea Edinburgh, akahamia Ireland mwaka 1867. Akiwa Belfast mwaka 1887 alitafuta namna ya kumpunguzia mwanawe mtikisiko wa baiskeli ya magurudumu matatu, iliyovikwa mpira mgumu usio na upepo. Aliunda mrija wa mpira, akauzungushia kwenye duara la ubao na kuujaza upepo kwa pampu. Alilibingirisha uani, kisha akabingirisha gurudumu la baiskeli. La baiskeli lilianguka njiani. Lake lilivuka ua wote, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Alipata hataza mwaka 1888, lakini baadaye ilibatilishwa: Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilohilo mwaka 1845, kabla baiskeli hazijaenea. Tairi la Dunlop lilipata sifa mwaka 1889, Willie Hume aliposhinda nalo mbio za baiskeli Belfast. Kampuni ilitumia jina lake hata baada ya yeye kujitoa.

Katika magari ya leo pia, upepo ulio kati ya rimu na barabara ndio unaomeza mishtuko. Rimu kubwa yenye tairi la ubavu mfupi hupendeza macho, ila nafasi ya upepo hupungua. Kwenye barabara za vumbi za milima ya Upare, kwa mfano katani Myamba, wilaya ya Same, abiria huhisi tofauti hiyo mgongoni.