Gaudí na Kamba Zake

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa hisabati, kidato cha tatu. Nilikuwa naandika ubaoni maswali yaliyokwisha kukokotolewa, wanafunzi wanakopi. Madesa matupu, kama tunavyodesa hapa chuoni. Siku ya jaribio nikachukua swali lilelile, nikabadilisha namba moja tu. Karibu darasa zima likakwama. Nikajitetea kwamba shule haina kompyuta, ningefanyaje?

Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi ujenzi. Usiku hukesha na programu ya usanifu. Akirefusha nguzo moja, mihimili, paa na hesabu ya zege vyote vinajirekebisha, kwa sababu kila kipande kimefungwa na kanuni kwa kingine. Nikamwambia hayo ni mambo ya wenye mashine. Akacheka, akaniambia nikamsome Antoni Gaudí. Nimemsoma, na jamani, nimenyamaza.

Gaudí alizaliwa tarehe 25 Juni 1852 huko Catalonia, Hispania. Baba yake alikuwa fundi wa shaba, mtu wa kugonga bati bapa mpaka liwe chombo. Mtoto mwenyewe aliteswa na baridi yabisi, mara nyingi hakuweza kucheza na wenzake. Alihitimu usanifu majengo Barcelona mwaka 1878. Mwaka 1883, akiwa na miaka 31, akakabidhiwa kanisa la Sagrada Família, ambalo ujenzi wake ulikuwa umeanza mwaka mmoja tu nyuma.

Mwaka 1898 tajiri wa viwanda vya nguo, Eusebi Güell, alimwagiza kanisa la wafanyakazi wake. Kompyuta hazikuwepo. Gaudí alining'iniza kamba kutoka juu, akazifungia vifuko vidogo vyenye chembe za madini ya risasi. Kila kifuko kiliwakilisha mzigo ambao sehemu ile ya jengo ingebeba. Kamba haijui kusimama, inajua kuvutwa tu, hivyo ilijichagulia yenyewe umbo linalolingana na mizigo. Akapiga picha, akaigeuza juu chini. Kilichokuwa kimevutwa sasa kimekandamizwa, na jiwe linapenda kukandamizwa. Hayo ndiyo matao yake.

Sasa angalia: ukiongeza uzito kwenye kifuko kimoja, kamba zote za jirani zinasogea. Unabadilisha kigezo kimoja, jengo zima linajibu. Ni kilekile anachofanya mwenzangu usiku, ila Gaudí alikifanya kwa kamba, kwa takriban miaka kumi. Kanisa lenyewe halikumalizika. Kilichojengwa ni sehemu ya chini tu, nayo ipo hadi leo.

Miaka yake ya mwisho aliitoa yote kwa Sagrada Família. Alijua hataiona ikiisha. Kwa hiyo alichagua maumbo yaliyopinda lakini yanayotokana na mistari iliyonyooka, ambayo fundi mwingine angeweza kuyafuata akijua kanuni yake, na akayatengenezea mifano ya plasta. Tarehe 7 Juni 1926 aligongwa na tramu. Nguo zake zilikuwa chakavu, watu wakamdhania ombaomba. Alifariki siku tatu baadaye, akiwa na miaka 73.

Mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, karakana yake ilivamiwa. Michoro ikachomwa, mifano ya plasta ikavunjwavunjwa. Angekuwa ameacha majibu tu, kazi ingeishia hapo. Lakini vile vipande vilikuwa na kanuni ndani yake. Wasanifu waliofuata waliviokota, wakavipima, wakatafuta umbo zima lililopotea. Baadaye walitumia hata programu zilizobuniwa kwa ajili ya kusanifu ndege. Mashine ilikuja kumsaidia mtu aliyekwisha kufikiri.

Hapo ndipo nilipojiona. Wanafunzi wangu niliwaachia majibu, namba moja ilipobadilika wakabaki na vumbi la plasta mkononi. Tatizo halikuwa kompyuta.

Mwezi ujao narudi kwenye mazoezi. Nimenunua mita tatu za kamba, na vifuko nitashona mwenyewe, nivijaze mchanga. Nitaning'iniza mbele ya ubao, nimwite mwanafunzi mmoja aongeze mchanga kwenye kifuko kimoja. Wengine wataniambia, kabla hajaongeza, kamba itakwenda wapi na kwa nini.