Henrietta Lacks: Mama aliyefariki 1951, seli zake bado zinagawanyika

Wadau, tuliosoma Bayolojia tunakumbuka ile habari ya seli moja kugawanyika zikawa mbili. Leo nawaletea maisha ya mama aliyesaidia dunia kuielewa, na yeye mwenyewe wala hakujua.

Henrietta alizaliwa tarehe 1 Agosti 1920 mjini Roanoke, jimbo la Virginia, Marekani. Mama yake alifariki 1924, akalelewa na babu yake kijijini Clover, wakilima tumbaku. Mwaka 1941 aliolewa na David Lacks, baadaye wakahamia karibu na Baltimore. Walijaliwa watoto watano.

Januari 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, anatokwa na damu isiyo ya kawaida. Enzi hizo weusi walilazwa wodi zao peke yao. Akakutwa na kansa ya shingo ya kizazi. Wakati wa matibabu daktari akakata kipande cha uvimbe bila kumuomba ruhusa, kikapelekwa maabara ya George Gey. Seli za wagonjwa wengine zilikuwa zikifa mapema tu. Zake, jamani, ziliongezeka maradufu kila siku! Wakaziita HeLa, kutokana na majina yake. Mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, ana miaka 31 tu.

Sasa kwa nini zile seli hazikuwa na breki? Seli yenye afya, kabla ya kugawanyika, inapita kwenye ukaguzi kama basi la mkoani. DNA ikikutwa imekatika, protini inayoitwa p53 inaisimamisha seli, DNA itengenezwe kwanza. Uharibifu ukizidi, seli inajiua yenyewe. Miaka ya 1980 timu ya Mjerumani Harald zur Hausen ilikuta kirusi cha HPV aina ya 18 ndani ya seli za HeLa. Kirusi hiki kina protini inayosababisha p53 iharibiwe. Yaani trafiki kila akisimama barabarani anaondolewa, mabasi mabovu yanapita tu, na makosa ya DNA yanazidi kurundikana.

Mwaka 1970 Potu Rao na Robert Johnson waliunganisha seli za HeLa zilizo katika hatua tofauti. Iliyokuwa inagawanyika iliilazimisha mwenzake kuanza kujiandaa kabla ya wakati. Hapo ikaonekana ndani ya seli kuna kitu kinachotoa amri. Seli hizo zilisaidia pia kupima chanjo ya polio.

Kinachoniuma mimi ni kwamba familia yake ilikuja kujua mwaka 1973, miaka 22 baada ya mazishi, wakati seli zilishauzwa sana. Mwaka 2021 wakaishtaki kampuni ya Thermo Fisher, na 2023 wakamalizana nayo nje ya mahakama.

Kirusi kile kile sasa kina chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Kwa hiyo mwenye mdogo wake wa kike asiache kuulizia kituo cha afya.

Haya wadau, daktari akitaka kipande cha mwili wako akafanyie utafiti, wewe ungempa kwa masharti gani? Na faida ikipatikana, iwe ya nani? Tiririkeni hapo chini.