Li Shizhen, Tabibu wa Majani na Mizizi

Kuanguka mtihani si mwisho wa dunia. Msikizeni huyu.

Li Shizhen alizaliwa mwaka wa 1518 huko Qizhou, jimbo la Hubei, nchini Uchina. Babu yake alikuwa tabibu, na baba yake, Li Yanwen, vilevile. Lakini utabibu haukuwa na heshima kubwa siku hizo, kwa hivyo baba alitaka mwanawe asome awe afisa wa serikali. Mtihani wa kwanza kijana aliupita akiwa na miaka 14. Ule wa jimbo aliufanya mara 3, na mara zote 3 akaanguka.

Alipokuwa na miaka 20 hivi alishikwa na kikohozi na homa kali, nusura afe. Baba akamchemshia mzizi wa huangqin, homa ikashuka. Hatimaye aliachana na mitihani akashika dawa.

Katika vitabu vya kale alikuta makosa chungu nzima. Zebaki, ambayo ni sumu, eti huongeza umri! Basi tangu 1552 hadi 1578 alipanda milima, akauliza wakulima, wavuvi na wawindaji. Kitabu chake, Bencao Gangmu, kina dawa 1,892 na maelezo ya matibabu zaidi ya 11,000. Alifariki mwaka wa 1593. Kitabu kikatoka 1596.

Humo mna yinchen, mmea wa kumtibu mgonjwa aliyegeuka manjano macho na ngozi, dalili ambayo mara nyingi hutoka kwenye ini. Siku hizi wataalamu wamejaribu yinchen na huangqin katika maabara, wakaona vinakinga maini ya panya. Lakini ngojeni kwanza! Wako watu waliomeza vidonge vyenye huangqin, maini yao yakadhurika. Ini ndilo huvunjavunja dawa tunazomeza, ya mti au ya hospitali, na kinachozidi huliumiza.

Basi sisi wa Karen, mtu akituuzia mizizi akisema haina madhara kwa kuwa imetoka shambani, tukumbuke kwamba Li hakukubali neno bila kulichunguza. Mwenye macho ya manjano aende hospitali upesi, amweleze daktari kila dawa aliyokunywa, hata ile ya nyanya. Asifiche, maana mficha uchi hazai.