Petro Claver, Mtumwa wa Watumwa

Mtakatifu Petro Claver, Mjesuiti wa Hispania, alipokuwa akisoma falsafa kisiwani Mallorca, aliyemhimiza kwenda Amerika alikuwa bawabu wa chuo, Bruda Alfonso Rodríguez. Bawabu, si profesa! Alifika Cartagena mwaka 1610. Meli za watumwa kutoka Afrika zilipotia nanga, alishuka ngamani na wakalimani, maji, matunda na dawa; katekesi ilifuata baadaye. Kwenye kitubio watumwa walitangulia, mabibi matajiri wakangoja na kunung'unika. Akizuru mashamba alilala vibandani mwa watumwa, si kwa mabwana. Utumwa wenyewe hakuukomesha, na hilo tusilifiche. Miaka ya mwisho aliugua, akitunzwa kwa ukali na Mwafrika aliyewekwa kumhudumia, wala hakulalamika. Alifariki tarehe 8 Septemba 1654.