James Grant: Mskoti aliyechora bara kwa rangi za maji

ANAPOTAJWA Mskoti wa kale katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, wengi humfikiria David Livingstone, aliyelifikia ziwa hilo mwaka 1859.

Yupo hata hivyo Mskoti mwingine, ambaye mwaka mmoja baadaye aliingia bara kwa njia ya kaskazini zaidi na kuacha kumbukumbu ya aina yake: picha za rangi za maji, alizozichora safarini.

Huyo ni James Augustus Grant, aliyezaliwa Nairn, Uskoti, Aprili 11, 1827, akiwa mtoto wa mchungaji. Baada ya masomo Aberdeen alikwenda India mwaka 1846 kuwa askari, na akajeruhiwa mkono katika mapigano ya Lucknow.

Agosti 1860 alitua Zanzibar pamoja na John Hanning Speke, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Miongoni mwa viongozi wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa nchi ya Wayao, mashariki ya Ziwa Nyasa, ambaye utotoni aliuzwa utumwani na kufikishwa India.

Grant alichukua kamera, lakini kazi ya kusafisha picha ndani ya hema dogo lenye joto kali ilihatarisha afya yake. Kamera ikawekwa kando, naye akashika brashi. Watu, mimea na mandhari ya nchi, kuanzia pwani hadi Unyamwezi na kuendelea, vikaingia katika karatasi zake.

Novemba 1861 walifika Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanika. Hapo Grant aliugua mguu vibaya. Januari 1862 Speke alimwacha na kwenda Buganda, naye akabaki hadi Aprili alipoondoka akiwa amebebwa.

Maradhi hayo yalimpa muda wa kuitazama Karagwe kuliko msafiri anayepita. Yalimpa pia hasara: Julai 28, 1862, Speke alipoyafikia maporomoko ambako Nile hutoka Ziwa Victoria, Grant hakuwapo. Alikuwa ametangulizwa kuelekea Bunyoro.

Sifa zote zikamwendea mwenzake. Hata michoro yake ilipotumika katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863, ilipita kwanza mikononi mwa mafundi wa Ulaya walioichora upya kwa ajili ya uchapaji, na rangi zake zikapotea.

Grant hakugeuka kuwa adui wa Speke. Speke alipofariki Septemba 1864, alihudhuria mazishi yake. Mwaka huohuo alichapisha kitabu chake, A Walk Across Africa, na kutunukiwa nishani ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia.

Mwaka 1868 alishiriki vita vya Waingereza huko Uhabeshi, kisha akastaafu akiwa luteni kanali. Alifariki Nairn, Februari 11, 1892.

Jina lake limebaki kwa swala granti, anayeonekana Serengeti. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, ikionyesha kwa rangi nchi ya Tabora na Karagwe miaka zaidi ya 20 kabla ya bendera ya Wajerumani kupandishwa.