Felix Gonzalez-Torres: Msanii aliyemlilia mpenziwe kwa rundo la switi

RUNDO la switi limemwagwa kwenye kona ya chumba katika jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, Marekani. Ni switi za kawaida tu, zilizofungwa kwa karatasi za rangi zinazometameta, kama zile mwenye duka hukupa akikosa chenji. Hakuna kamba ya kukuzuia na hakuna askari wa kukukemea. Unaruhusiwa kuchukua moja, uifungue, uile.

Shida inaanzia hapo. Rundo hilo lina uzani uliopangwa: pauni 175, karibu kilo 80. Ni uzani wa mwanamume mzima mwenye afya yake. Mwanamume huyo aliitwa Ross Laycock, na rundo hilo ndilo picha yake. Kila mgeni anayetia mkono na kwenda zake na switi moja, anamkondesha.

Ross alifariki Januari 1991 kutokana na Ukimwi. Aliyemwaga switi hizo mwaka huohuo alikuwa mpenzi wake, Felix Gonzalez-Torres.

Felix alizaliwa 1957 katika mji wa Guáimaro, Cuba. Mwaka wa 1971, akiwa bado kijana mdogo, alitumwa nje ya nchi pamoja na dadake. Walipitia Uhispania, wakaishia kwa jamaa yao Puerto Rico. Fikiria umri wa kidato cha kwanza, na kwenu si kwenu tena. Mnamo 1979 alihamia New York, akasomea upigaji picha katika Pratt Institute, na kufikia 1987 alikuwa na shahada ya uzamili. Mwaka huo alijiunga na Group Material, kundi la wasanii waliojaza kumbi za maonyesho kwa vitu na habari kuhusu demokrasia, vita na Ukimwi.

Kumbe picha hazikumtosha. Alianza kuchukua vitu ambavyo kila mtu anavyo nyumbani, akavipanga hivi kwamba ukipita huwezi kujifanya hujaviona.

Chukua mfano wa saa. Ni saa mbili za ukutani, za duara, za betri, aina ile hutundikwa ofisini na watu wakasahau ziko. Felix alizitundika zikigusana bega kwa bega, mishale ikionyesha wakati mmoja. Kazi hiyo inaitwa Perfect Lovers, yaani wapenzi waliolingana kabisa. Lakini betri ni betri. Taratibu moja huanza kubaki nyuma, na iko siku itasimama kabla ya mwenzake. Felix aliianza kazi hii Ross akiwa tayari mgonjwa, na sidhani unahitaji profesa akufafanulie.

Mbona asiseme waziwazi? Hapa ndipo jamaa alikuwa mjanja. Mwaka wa 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kuwa majimbo yanaweza kuadhibu mapenzi ya watu wa jinsia moja hata kama wako chumbani mwao wamefunga mlango. Miaka mitatu baadaye maseneta, wakiongozwa na Jesse Helms, walitaka pesa za serikali zisiwafikie wasanii waliowaona wapotovu. Picha ya wanaume wawili wamekumbatiana ingekuwa zawadi kwao. Sasa saa mbili? Felix alijua hakuna mwanasiasa atakayesimama bungeni kulalamikia saa za ukutani asichekwe.

Ujanja huohuo aliuonyesha mwaka wa 1992. Jumba la MoMA la New York lilimpa nafasi, na badala ya kubaki ndani, akaweka mabango 24 kote jijini, palepale tulipozoea matangazo ya simu na sabuni. Juu ya mabango hayo hakuna neno hata moja. Ni picha ya kitanda tu, kitanda cha watu wawili ambacho hakijatandikwa, na mito miwili iliyobonyea pale vichwa vilipokuwa vimelala. Mtu wa basi, dereva wa teksi, mfagiaji wa barabara, kila mmoja alikitazama akiwaza kitanda chake. Mahakama ilikuwa imeingia chumbani. Felix akakitoa kitanda nje, barabarani.

Nikiri kitu. Mara ya kwanza kusoma kumhusu nilidhani ni mchezo wa watu waliokosa kazi. Eti unamwaga switi kisha unaitwa msanii? Na mwaka wa 2015 rundo lake jingine, la switi za kijani, liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 7! Kilichonibadilisha ni karatasi. Mnamo 1990 alichapisha karatasi kubwa zenye majina na sura za watu 460 waliouawa kwa risasi Marekani ndani ya wiki moja tu, ya kwanza ya Mei 1989. Akazipanga sakafuni kama rundo la magazeti, na ruhusa ni ileile: chukua moja, nenda nayo nyumbani. Huwezi kuitupa kirahisi. Ina nyuso.

Wazazi wetu hapa wangeuelewa uzani wa Ross haraka kuliko Wamarekani wengi. Nchini Uganda ugonjwa huo uliitwa slim, na huku kwetu mtu alikonda, majirani wakanyamaza. Felix alikataa kunyamaza, ila alikataa pia kupiga kelele. Alikupa switi. Tamu, halafu unakumbuka umekula nini.

Naye pia alikuwa na virusi. Wiki chache baada ya kumzika Ross alimpoteza babake, na bado aliendelea kufanya kazi kama mtu anayekimbizana na saa. Mwaka wa 1995 jumba la Guggenheim la New York lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake. Januari 9, 1996, alifariki Miami akiwa na miaka 38. Mwaka huohuo ndio mseto wa dawa za kupunguza makali ya virusi ulianza kuwafikia wagonjwa wengi Marekani na kuwarudisha wengine kutoka kitandani. Mnamo 2007, miaka 11 baada ya kifo chake, Marekani ilimteua kuiwakilisha katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia.

Kuhusu lile rundo la Chicago: Felix aliacha ruhusa kwamba switi zikipungua, zinaweza kuongezwa hadi uzani urejee. Ross anaisha, Ross anarudi. Lakini mwaka wa 2022 wageni waligundua kibandiko cha ukutani kimebadilishwa, hakimtaji Ross wala Ukimwi, kinazungumzia uzani tu. Watu waliwaka mitandaoni. Jumba likaandika kibandiko kingine, na jina la Ross likarudi ukutani.