Ruth Keʻelikōlani: Binti wa kifalme aliyekwenda kumtuliza Pele

Lava ya mlima Mauna Loa ilipoukaribia mji wa Hilo mwaka 1881, binti wa kifalme wa Hawaii alisafiri kutoka Honolulu kwenda kumsihi Pele, mungu wa kike wa volkano. Wakati huo wengi wa watawala wenzake walikuwa Wakristo.

Ruth Keʻelikōlani alikuwa nani?

Alizaliwa Honolulu mwaka 1826 katika ukoo wa Kamehameha wa Kwanza, mfalme aliyeviunganisha visiwa vya Hawaii. Mama yake, Pauahi, alifariki dunia wakati wa kumzaa, na Malkia Kaʻahumanu akamchukua na kumlea. Kuanzia mwaka 1855 hadi 1874 Ruth alikuwa gavana wa kisiwa cha Hawaii, kilicho kikubwa kuliko vyote katika ufalme huo.

Maisha yake yaliandamwa na misiba. Mume wake wa kwanza, Leleiohoku, alifariki mwaka 1848 wakati surua ilipowaua Wahawaii wengi. Watoto aliowazaa walifariki kabla yake, na mwaka 1877 akampoteza pia mwanawe wa kulea.

Kwa nini alijulikana kama mtetezi wa mila?

Wamisionari kutoka Marekani waliwasili mwaka 1820, na katika miaka iliyofuata Kiingereza kikawa lugha ya wakubwa na wafanyabiashara. Ruth alikielewa Kiingereza, lakini alikataa kukizungumza. Mgeni aliyetaka kuongea naye alilazimika kujua Kihawaii au kuja na mkalimani. Mjini Kailua alikuwa na kasri la mawe la Huliheʻe, ila yeye alipendelea kulala katika nyumba ya nyasi iliyokuwa kando yake.

Pele ni nani kwa Wahawaii?

Masimulizi ya wenyeji yanasema Pele alivuka bahari kutoka nchi ya mbali, akifukuzwa na dada yake, mungu wa bahari. Kila alipochimba shimo la kuhifadhi moto wake, maji yaliuzima, hadi alipofika Kilauea na kuweka makao katika kreta ya Halemaʻumaʻu. Pele huharibu, na pia huumba, kwa kuwa lava inayoteketeza misitu ndiyo inayozaa ardhi mpya.

Nini kilitokea Hilo?

Mauna Loa ilianza kulipuka Novemba 1880. Miezi ikapita, na mto wa moto ukazidi kuteremka kuelekea mjini. Wakristo walikusanyika makanisani kuomba. Ruth, aliyekuwa na umri wa miaka 55, alifika Hilo na, kwa mujibu wa masimulizi, akasogea hadi ukingo wa lava, akaimba nyimbo za kale na kutoa sadaka ya leso nyekundu za hariri na pombe ya brandi. Agosti 1881 lava ilisimama karibu kabisa na mji.

Waliomwamini Pele walisema amesikia. Waumini wa makanisa walimshukuru Mungu wao. Kwa wataalamu, mlipuko ulikuwa umeishiwa nguvu.

Aliacha urithi gani?

Ruth alifariki Mei 24, 1883 huko Kailua, ndani ya nyumba yake ya nyasi. Ardhi yake, zaidi ya ekari 350,000, alimrithisha binamu yake Bernice Pauahi Bishop. Bernice naye alipofariki mwaka uliofuata, wosia wake uliitoa ardhi hiyo kugharimia shule za Kamehameha, zilizofunguliwa mwaka 1887 na zinazoendelea hadi leo kuwasomesha watoto wa Kihawaii.

Mwaka 1896, baada ya ufalme kupinduliwa, sheria ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Kihawaii kilirejeshewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 1978. Na huko Kilauea, wapo wanaoendelea kumwimbia Pele kwa lugha ambayo Ruth alikataa kuiacha.